Picha Namba 4417: Kumuaga Mzee Makali

Uongozi wa Kitengo cha Picha unayo heshima kuwatangazia wafanyakazi wote, wa kudumu na wa mkataba, kwamba kiti cha chumba namba sita, chenye gurudumu moja bovu na mto ulioshika umbo la mtu mmoja tu, kitakuwa wazi kuanzia Ijumaa tarehe 28 mwezi huu, saa kumi kamili alasiri. Maombi ya kukirithi yapelekwe kwa karani wa mafaili. Waombaji wanatahadharishwa kwamba kiti hicho huvuta upande wa kushoto.

Kiti kinakuwa wazi kwa sababu mwenyewe anastaafu. Baada ya miaka thelathini na mitatu, miezi minne na siku kumi na moja ya utumishi, mnoaji mkuu wa picha wa ofisi hii anakabidhi funguo. Jina lake la kwenye fomu halitamsaidia mtu kumjua. Sote tunamwita Mzee Makali. Jina hilo alilipata kwa kazi yake, si kwa tabia. Kwa miaka yote hiyo hajawahi kumfokea mtu. Siku printa ilipomeza tai yake, aliiomba radhi printa.

Aliajiriwa akiwa kijana mwembamba, kuosha sinia za dawa katika chumba cha giza, enzi zile picha ikiibuka majini taratibu kama mtu anayeamka usingizini. Mkuu wa wakati huo alimpa majaribio ya wiki mbili. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba amefaulu, kwa hiyo kwa miaka sita ya kwanza alifika kazini kabla ya mlinzi, akidhani bado anajaribiwa. Alipoambiwa ukweli alikuwa ameshazoea, akaendelea vilevile.

Kamera za dijitali zilipoingia, wenzake wawili waliacha kazi, na wa tatu akaenda kufuga kuku. Yeye alinunua kitabu cha kujifunza kompyuta, akakisoma mwanzo mpaka mwisho, pamoja na kurasa za shukrani, kisha akaomba apewe chumba chenye mlango unaofungika. Akapewa namba sita. Mlango haukufungika, lakini hakulalamika.

Kwa faida ya wenzetu wa mapokezi, ambao hadi leo huwaelekeza kwetu watu wenye visu, tueleze kidogo kazi yenyewe. Picha nyingi za vitambulisho hutoka kamerani zikiwa na ulaini fulani, kama kitu kinachotazamwa nyuma ya mvuke wa sufuria. Mnoaji huiambia kompyuta itafute mahali giza linapokutana na mwanga, ubavuni mwa pua, kwenye kope, kwenye ukosi wa shati, kisha iongeze giza kwenye giza na mwanga kwenye mwanga. Jicho hudanganyika, likaona mstari. Hakuna kipya kilichoongezwa. Ambacho kamera haikukiona, mnoaji hana pa kukitoa. Na ukizidisha kipimo, ngozi ya mtu hugeuka tope lililokauka na kichwa huzungukwa na mstari mweupe, kama kilichokatwa na mkasi kikabandikwa.

Mzee Makali hakunoa picha. Alinoa folda. Alichagua picha moja, akaiita picha ya kipimo, akaihangaikia mpaka roho yake ikatulia, kisha akabonyeza kitufe, na picha elfu nne, tano, sita zilizobaki zikafuata kipimo kilekile bila kuulizwa. Ukutani alibandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: FOLDA MOJA, UKALI MMOJA. Ilitokana na shule moja iliyowahi kurudisha vitambulisho kwa sababu katika darasa moja nusu ya watoto walionekana wamenawa uso na nusu hawajanawa. Tangu siku hiyo hakuwahi kuigusa picha moja peke yake. Aliapa, na kiapo chake hakikuwa cha mdomo.

Mafanikio yake ni mengi na mengine yana ushahidi. Aliwanoa wauguzi mia tisa kwa siku moja na hakuna aliyerudi, isipokuwa mmoja, aliyedai kwamba doa la shavuni mwake halikuwepo kabla ya kitambulisho. Mzee Makali alimjibu kwa barua ya kurasa mbili, yenye heshima zote, ikisema kwamba ofisi inasikitika lakini doa limeitangulia ofisi. Aliwafundisha kazi wanoaji saba, na kila mmoja somo lake la kwanza lilikuwa hilihili: picha iliyokwisha kunolewa hainolewi tena. Na alikuwa mwaminifu kwa kiwango cha kuudhi. Penseli ya ofisi haikuwahi kutoka na shati lake. Chai alikunywa kwa glasi aliyotoka nayo nyumbani, na akistaafu ataondoka nayo.

Sasa tumefika pale ambapo wasifu wa namna hii kwa kawaida huruka. Mkuu wa kitengo alishauri turuke. Mwenyewe alikataa. Alikuja kusimama mbele ya meza ya karani wa mafaili, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kuandika ukurasa huu, akasema, "Andika yote. Nimesoma wasifu wa kila aliyestaafu hapa. Wote walikuwa wachapakazi, wote waliwapenda wenzao. Nusu yao walikuwa hawasalimiani."

Basi yanaandikwa.

Mzee Makali ana binti mmoja. Mkewe alifariki binti akiwa na miaka saba, na tangu hapo mtoto alilelewa na shangazi yake, yaani dada wa Mzee, mwanamke mwenye sauti inayosikika kabla hajafika. Binti alikua, akasoma, akaingia chuo. Miaka kumi na mitatu iliyopita chuo hicho kiliita ofisi yetu kupiga picha za vitambulisho vya wanafunzi wote. Alikwenda mpiga picha wetu wa zamani, sasa marehemu, tuliyemwita Mkono Baridi kwa sababu mikono ilimtetemeka asubuhi mpaka apate chai. Kila aliyepigwa alipewa kikaratasi chenye namba yake. Folda ilikuja chumba namba sita, ikanolewa kama kawaida. Mzee alibonyeza kitufe, akachukua glasi yake. Mwanawe alipita mbele yake kati ya watu elfu sita, kwa muda wa kupepesa jicho, naye alikuwa anapuliza chai.

Miaka miwili baadaye, siku ya Alhamisi asubuhi, binti huyo alisimama kwenye ule mlango usiofungika. Tulikuwepo watatu chumbani. Akasema, "Baba, geuka kwanza, nina neno." Mzee alikuwa katikati ya folda ya hospitali. Akasema, "Sema tu, mama, nakusikia." Binti akasubiri. Sote tulimwona akisubiri, na kila mmoja akajifanya ana shughuli. Kisha akasema, "Basi. Si kitu," akaondoka.

Jioni hakurudi nyumbani. Hakurudi kesho yake. Simu yake iliita siku mbili, kisha haikuita tena. Hilo neno alilokuwa nalo hakuna anayelijua.

Polisi waliomba picha ya karibuni. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba mtu aliyeshinda miaka yake yote akitazama nyuso za watu hakuwa na uso wa mwanawe. Albamu ya nyumbani ilikoma mwaka aliofariki mkewe. Picha ya mwisho ni ya mtoto wa miaka saba, hana meno mawili ya mbele. Yaliyofuata yote yalikuwa kwenye simu ya binti, na simu aliondoka nayo. Mzee alipotoka kazini alikuwa hataki kuona picha nyingine. Lakini ndani ya daftari moja la binti, shangazi alikikuta kile kikaratasi cha chuo. Kiliandikwa 4417.

Mzee Makali hakukimbilia kompyuta. Hilo lilikuwa jambo la binafsi, na kompyuta ni ya ofisi. Aliandika barua kuomba ruhusa ya kufungua faili la ndugu yake, akaielekeza kwa mkuu wa chumba namba sita, ambaye ni yeye mwenyewe. Aliisoma, akaikubali kwa masharti. Sharti la kwanza lilikuwa kwamba picha hiyo isinolewe peke yake. Barua bado ipo kwenye faili, na imepigwa muhuri.

Alipoifungua 4417 alikuta msichana wa shati la chuo, nywele zimesukwa nyuma kama wasichana wote wa mwaka ule, na uso uliotikisika. Alikuwa amegeuza kichwa wakati kamera inabonyezwa. Macho yalikuwa mawingu mawili. Mdomo ulikuwa mahali pawili.

Mzee akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mkono Baridi huyu!" Akavuta kiti. Akaifanya 4417 kuwa picha ya kipimo, akaihangaikia siku nzima, kisha, kwa kuwa folda ni moja na ukali ni mmoja, akabonyeza kitufe, na folda yote ya chuo ikanolewa pamoja nayo mara ya pili. Ikahifadhiwa juu ya ile ya zamani. Wakati huo mkuu wa kitengo alikuwa amepiga marufuku nakala. "Hapa si ghala," alikuwa akisema, na alisema hivyo hata kwa watu wasiouliza.

Matangazo mia mbili yalichapwa na kubandikwa hospitali, sokoni, kwenye vituo vya mabasi, kwenye nguzo za umeme. ANATAFUTWA, uso, namba ya simu. Siku ya tatu shangazi aliingia ofisini na tangazo moja mkononi, limechanika pembe kwa jinsi alivyolibandua.

"Kaka, huyu nani?"

"Dada, si ndiye."

"Ndiye nani? Mimi nimemlea huyu mtoto. Nimemkogesha, nimemsuka, nimemtoa chawa. Huyu siye."

"Picha imetikisika. Bado haijanoleka vizuri."

"Hata uinoe mpaka itoe damu, siye."

Mzee akatoa kikaratasi kwenye pochi yake, akakiweka mezani, akakinyoosha kwa kidole gumba. "Soma mwenyewe. Elfu nne mia nne kumi na saba. Na kwenye kompyuta je? Elfu nne mia nne kumi na saba."

"Mimi sikulea namba," akasema shangazi, akatoka. Aliacha tangazo mezani limelala kifudifudi.

Sisi wa chumba namba sita tulikuwa upande wa namba. Tusijisafishe. Tulimwona shangazi kuwa mama aliyechanganywa na uchungu, tukamwonea huruma, tukarudi kwenye kazi zetu.

Simu zilianza kuja wiki ileile. Mpigaji wa kwanza alisema amemwona msichana wa kwenye tangazo kwenye duka la dawa karibu na hospitali kubwa, nyuma ya kaunta, amevaa koti jeupe. Mzee aliomba ruhusa ya saa moja, na katika utumishi wake wote haikuwa kawaida yake kuomba hata ya dakika kumi. Alirudi baada ya dakika arobaini. Akakaa kitini, kiti kikavuta kushoto.

"Siye," akasema.

Wa pili akapiga. Duka lilelile. Wa tatu, wa nne. Kwa miaka kumi na moja, kila aliyepiga simu kwa nia njema alimpeleka Mzee Makali kwenye kaunta ileile, kwa dada yuleyule wa koti jeupe. Naye alikwenda kila mara, maana aliogopa siku atakayopuuza ndiyo siku mwanawe atakapokuwa amesimama pale kununua dawa ya kichwa.

Dada yule, safari ya kwanza, alimwambia wazi, "Mzee, huyu kwenye picha ni mimi." Mzee akamjibu kwa upole, "Hapana, binti yangu. Unafanana naye. Huyu ni mwanangu." Safari ya pili akamwambia tena, kwamba hata yeye alisoma chuo hicho, na kitambulisho chake kilimtoka hivyohivyo na wenzake walimcheka mpaka akamaliza masomo. Mzee akatoa kikaratasi. Safari ya tatu dada akachoka kubishana, akamtolea kiti. Baada ya hapo ilikuwa akimwona tu mlangoni, "Shikamoo, baba. Ni mimi tena?" "Marahaba. Ni wewe tena." Wakawa wanaulizana habari za presha.

Ofisini likawa gumzo na mzaha. "Mzee, mwanao wa duka la dawa hajambo?" tukimuuliza, naye alicheka pamoja nasi, kwa sababu hana makuu. Aliyasema yote aliporudi kutoka dukani, hata lile la dada kusoma chuo kilekile. Tukasema, ama kweli duniani wawili wawili.

Na kila mwisho wa mwaka, chuo kikifungwa na kazi zikipungua, aliifungua tena folda ile. Alifanya hivyo mchana, mlango wazi, na kuandika kwenye daftari la kazi: "Folda ya chuo, kunoa, marudio." Aliweka kipimo kwa 4417. Alijaribu ukali mpana, ukali mwembamba, ukali wa kope tu. Yeye aliujua uso wa mwanawe, na uso wa kwenye kioo cha kompyuta haukuja kufanana nao, kwa hiyo kosa lilikuwa kwenye kioo. Alikuwa akimtafuta mtu kwa kumchonga. Mwisho wa siku alibonyeza kitufe, elfu sita wakafuata, na alipovaa koti alisema maneno yaleyale: "Anaanza kuja."

Wale saba aliowafundisha walijua. Picha iliyokwisha kunolewa hainolewi tena. Mwaka wa tano, wanafunzi wote wa folda ile walikuwa na mstari mweupe kuzunguka kichwa. Mwaka wa nane nyuso zao zilikuwa nyufa. Mkuu alitaka kumwita amwonye, akafika mlangoni, akamkuta ameinamia kioo huku amekiweka kile kikaratasi juu ya kibodi, akarudi ofisini kwake. Sisi tulinyamaza. Tukauita unyamavu wetu heshima.

Ilibidi wasifu huu uandikwe ndipo yajulikane yafuatayo. Karani wa mafaili alikuwa akitafuta tarehe kamili ya ile kazi ya chuo, apate kuitaja hapa, akalikuta daftari la Mkono Baridi stoo, chini ya birika la umeme, limeloa pembe moja. Marehemu aliandika kila picha aliyoipiga: namba, jina, na safu ndogo ya maelezo. Kwenye namba 3902 hakuna jina. Kuna maneno: "Kiatu changu, bahati mbaya."

Karani alikikumbuka kiatu. Kilikuwa cheusi, cha kamba, kimepigwa kutoka juu, na kipande cha sakafu. Miaka kumi na miwili iliyopita, ofisi ilipohamia kompyuta mpya, kazi ya kusafisha mafaili yasiyo na maana ilikuwa ya karani huyohuyo. Alikifuta kiatu. Kompyuta mpya, kwa usafi wake, ikazipanga upya namba zote zilizofuata ili pasiwe na pengo. 3903 ikawa 3902. Na kuendelea.

Binti wa Mzee Makali, kwenye daftari, ni 4417. Kwenye kompyuta, tangu siku kiatu kilipofutwa, ni 4416. Aliyehamia 4417 ni msichana aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. Leo anauza dawa karibu na hospitali kubwa.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Karani aliifungua 4416 kwenye kompyuta ya stoo, akaitazama, kisha akaenda kumwita. Mzee alikuja na glasi yake ya chai. Hakuwa amevaa miwani. Alifika mlangoni tu, bado hatua nne kabla ya kioo, akasimama.

"Ndiye," akasema.

Alisogea. Akaweka glasi chini, sakafuni, kwa uangalifu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Binti alikuwa amekaa wima, anatazama mbele moja kwa moja, hajatikisika hata kidogo. Mashavu yalikuwa yamepasuka vipandevipande. Macho yalikuwa duara mbili nyeusi zenye pete nyeupe. Nywele zilikuwa nyaya. Kuzunguka kichwa, ule mstari.

Mzee Makali akamwinamia. Akamtazama kama mtu wa kazi anavyotazama kazi ya mwingine.

"Nani kamnoa hivi?" akauliza.

Aliuliza kweli. Ilichukua muda mpaka alipojibiwa, na hakujibiwa na mtu.

Tulijaribu. Ni haki kusema kwamba tulijaribu. Wanoaji wanne kati ya wale saba walirudi, mmoja akiwa likizo. Kunoa hakurudishwi nyuma. Tulipolainisha, uso ukawa sabuni iliyotumika. Tulipoacha, ukawa tope. Chuo hakikuwa na nakala; kadi zao zote zilichapwa kutoka kwetu. Alhamisi Mzee aliipeleka 4416 kituo cha polisi ikiwa hivyohivyo ilivyo. Afisa wa zamu aliipokea kwa mikono miwili, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akauliza kwa adabu kama hakuna iliyo wazi zaidi.

Shangazi alionyeshwa pia. Tulidhani atapiga kelele, na mkuu alikuwa ameshafunga dirisha. Badala yake aliishika picha ile, akaifuta kwa ncha ya kanga kana kwamba zile nyufa ni vumbi. "Huyu ndiye," akasema. "Mmemfanya nini?" Kisha akamshika kaka yake mkono, wakaondoka polepole, wakisimama kila baada ya hatua chache.

Kutoka hapo walipitia duka la dawa. Mzee alitaka kumrudishia dada wa koti jeupe picha yake, na kumwomba radhi kwa miaka kumi na moja ya kumbishia sura yake mwenyewe. Dada akaipokea, akatazama, akasema, "Baba, mimi si nilikwambia sijapotea?" Kisha akaeleza jambo ambalo hakuwahi kuulizwa. Siku ile kwenye foleni, msichana aliyemtangulia alipoinuka alisahau mwavuli wake pembeni mwa kiti. Yeye akakaa, akauona, akageuza kichwa kumwita, na hapohapo Mkono Baridi akabonyeza. Ndiyo maana ametikisika.

"Aliuchukua?" akauliza Mzee.

"Aliuchukua. Aligeuka akacheka, akasema asante."

Mzee akamwomba aeleze tena alivyocheka. Dada akaeleza. Akamwomba mara ya tatu. Wateja wakawa wamejaa nyuma yake, shangazi akawageukia akawaambia wasubiri, nao wakasubiri.

Turudi kwenye taratibu. Hafla ya kuaga itafanyika ukumbi mdogo Ijumaa, saa nane mchana. Kutakuwa na soda na vitafunio. Zawadi ya wafanyakazi ni kamera. Ilinunuliwa kabla ya Jumanne ile, na duka halipokei kilichokwisha kufunguliwa. Nafasi ya mnoaji mkuu haitajazwa. Folda zote sasa zitapitia kwenye programu mpya, ambayo haihitaji picha ya kipimo, wala chai. Karatasi ya FOLDA MOJA, UKALI MMOJA ameibandua mwenyewe. Imeacha mraba msafi ukutani.

Kwa niaba ya Kitengo cha Picha, tunamshukuru Mzee Makali kwa miaka thelathini na mitatu. Kwa watu laki saba na zaidi wanaotembea na nyuso zenye pua na kope zinazoonekana. Kwa subira yake kwa printa. Kwa kutufundisha somo ambalo sisi tulilijua na hatukumkumbusha. Karani wa mafaili anamwomba radhi kwa kiatu. Amekwisha kumwomba ana kwa ana, naye Mzee akasema, "Ulikuwa unasafisha," akampigapiga begani. Ingekuwa afadhali angefoka.

Mzee wetu, nenda salama. Tunakuombea miguu yenye nguvu, usingizi mzuri, na siku moja hodi mlangoni, nawe ugeuke.

Kilichobaki ni kusahihisha kumbukumbu. Daftari la Mkono Baridi limekaushwa na kuwekwa kwenye kabati la chumba namba sita, kwa yeyote atakayetaka kuthibitisha. Ukurasa wa 177, mstari wa saba kutoka juu: 4417, jina la binti yake, na kwenye safu ya maelezo neno moja, kwa mkono unaotetemeka: "Safi."